Maswali ya Wasomaji: Straika Asipofunga Ajiulize Nini?

Safari hii barua karibu zote zimetoka kwa watu wa namba 9, au kwa wazazi wao, sijui nani kawaambia tumefungua kliniki. Tumechagua chache, tumezifupisha, majina tumeyaacha. Naanza na ya huyu kijana kwasababu ameandika kama mtu ambaye hajalala siku kadhaa.

Shikamoo kocha. Nina miaka 20, msimu uliopita nilikuwa mfungaji bora wa timu yetu, msimu huu mechi tisa sijagusa nyavu. Mashabiki wananizomea nikitolewa, kocha bado ananianzisha ila uso wake nauona. Siku hizi nikiuona mpira tu napiga, popote nilipo. Tatizo ni nini, au nimerogwa?

Marahaba mdogo wangu. Hujarogwa, umekauka tu, na kila straika unayemjua kashawahi kukauka. Thierry Henry alipotua Arsenal mwaka 1999 alicheza mechi nane bila bao, watu wakasema huyu ni winga mmepigwa, msimu ukaisha ana mabao 17 ya ligi na alipoondoka 2007 alikuwa mfungaji bora wa muda wote wa klabu ile, mabao 226. Fernando Torres alinunuliwa na Chelsea kutoka Liverpool kwa pauni milioni 50 Januari 2011 na bao lake la kwanza pale likaja baada ya dakika 903. Dakika mia tisa! Na huyo ni mtu aliyewafungia Hispania bao la ubingwa wa Ulaya 2008.

Sasa, Henry alirudi akawa moto zaidi, Torres hakurudi kuwa yule wa Liverpool, kwahiyo ukame haufanani na hapo ndipo swali lenyewe lilipo: je, NAFASI unapata? Achana na mabao kwanza. Chukua video za hizo mechi tisa, kaa peke yako, hesabu mara ngapi umepokea mpira ndani ya boksi ukiwa unaliona goli. Kama unapata nafasi mbili tatu za maana kila mechi na unakosa, wewe mzima kabisa, endelea kufanya hivyohivyo, mpira utaingia. Kama mechi tisa nzima umepata nafasi nne, ugonjwa uko kwenye miguu kabla mpira haujafika, na huo hautibiwi kwa kupiga mashuti mia baada ya mazoezi.

Hii sio falsafa yangu, ndivyo klabu zinavyonunua watu siku hizi. Kuna hesabu ya mabao tarajiwa, kila shuti linapewa thamani kulingana na lilipopigwa na mazingira yake. Penalti zinaingia kama tatu kati ya nne. Shuti la kawaida, ukichanganya yote ya mechi, linaingia kama moja kati ya kumi. La mbali sana ni chini ya hapo kabisa. Kwahiyo wewe unayepiga popote unajiongezea mashuti ila hujiongezei mabao, na skauti akikaa na hizo namba anaona mtu aliyepaniki. Kocha anayekuanzisha bado nahisi anaona kitu mashabiki hawakioni, usimharibie.

Alafu angalia unavyokaa. Mastraika wengi wakikauka wanaanza kushuka chini kuutafuta mpira, wanaugusa gusa katikati ili wajisikie wapo mchezoni, na krosi inapokuja boksi halina mtu. Kaa mgongoni kwa beki. Namaanisha pale ambapo akiangalia mpira hakuoni wewe, na akikuangalia wewe hauoni mpira, anabaki kugeuza shingo mpaka anachoka. Toka kidogo kama unauendea mpira, akikufuata geuka uende nyuma yake. Krosi ikipigwa mkimbilie wote nguzo ya kwanza ni ujinga, mmoja achelewe. Na chelewa makusudi, wengi wanafika mapema wanasimama, mtu aliyesimama anakabika na mtoto. Gerd Müller alikuwa mfupi, sio mchezaji wa kuchezea mpira katikati ukamshangaa, na bado alifunga mabao 365 kwenye Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, mengi akiwa karibu kabisa na goli, kageuka kwenye nafasi ambayo wewe na mimi tungeomba pasi nyingine.

Kuzomewa sina dawa. Usisome comments usiku wa mechi, hiyo tu.

Habari za kazi. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 16, anafunga sana. Kuna mtu amekuja anasema ni wakala, ana timu nje ya nchi inamtaka kwa majaribio, sisi tulipe nauli, viza na "ada ya usajili" alafu mtoto akifika anasaini mkataba wa miaka mitano. Mwanangu hapati usingizi, anataka kwenda. Tufanyeje?

Mama, usitoe hata senti. Naomba nirudie kwa kijana kama anasoma: usitoe hata senti.

Twende taratibu. Sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, hiyo ndio sheria ya msingi. Kuna milango michache tu: wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu isiyohusiana na mpira, uhamisho wa ndani ya Umoja wa Ulaya kwa wenye miaka 16 mpaka 18 na kwa masharti yake ya shule na malezi, familia inayoishi jirani kabisa na mpaka, watoto wakimbizi, na mengine machache ya namna hiyo. "Ana kipaji kikubwa" haimo. Kwahiyo huyo jamaa anayetaka kumsafirisha mtoto wa miaka 16 akasaini, aeleze anapita mlango gani. Muulize hivyohivyo uone atakavyoanza kukohoa.

Pili, hiyo miaka mitano. Mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka mitatu, miaka mitano ndio mwisho kwa mtu mzima, labda sheria ya nchi iruhusu zaidi. Mtu anayejiita wakala na hajui hili, au analijua na bado anakuambia mitano, tayari ameshajieleza.

Tatu, wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, anafanya mtihani kuipata (mfumo huu wa mitihani ulirudi 2023) na majina yao yanapatikana kwenye tovuti ya FIFA, mwambie akupe namba yake ya leseni uikague mwenyewe. Kwa mtoto mdogo hatakiwi hata kumsogelea mpaka ibaki miezi sita kabla hajafika umri ambao nchi atakayochezea inamruhusu kusaini mkataba wa kulipwa, na ni lazima mzazi akubali kwa maandishi. Mkataba wa uwakilishi nao una kikomo cha miaka miwili. Na pesa yake anaipata dili likishakamilika, huyu wenu anaitaka mbele kwasababu dili halipo.

Wapo vijana wengi sana waliopelekwa hivi wakaachwa stendi ya mabasi ya mji wasioujua lugha yake, pasipoti imechukuliwa, simu ya "wakala" haipokelewi. Sikutishi, ndivyo biashara hii ilivyo na ni ya zamani.

Kijana anachotakiwa kufanya ni kucheza ligi inayoonekana, kila wiki, aandikishwe vizuri na klabu yake ili rekodi zake ziwepo. Hilo la rekodi watu wanalidharau ila klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23 zinagawana asilimia 5 ya ada kila anapouzwa nje ya nchi akiwa ndani ya mkataba, kwahiyo klabu iliyomwandikisha vizuri ina sababu ya kumuuza kihalali. Mbwana Samatta hakuruka kutoka Simba mpaka Uingereza kwa bahasha ya mtu. Alikwenda TP Mazembe 2011, akakaa miaka, akachukua Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, Januari 2016 akaenda Genk, akachukua ubingwa wa Ubelgiji 2019, akafunga Anfield, uwanja wa Liverpool, usiku wa Ligi ya Mabingwa, ndio Januari 2020 Aston Villa wakaja. Kila hatua klabu iliyomchukua ilikuwa imeshamuona akifanya kazi kwenye hatua ya nyuma yake.

Kocha, nina miaka 23 bado nacheza ligi ya chini. Nimechelewa? Nijibu ukweli.

Kwa miaka 23 hapana. Drogba alisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa akiwa na miaka 21, Le Mans, daraja la pili Ufaransa. Ian Wright alikuwa anakaribia 22 Crystal Palace walipomchukua. Klose alisomea useremala na aliingia Bundesliga na miaka 21, mwisho wa siku ana mabao 16 kwenye Kombe la Dunia nne. Jamie Vardy ndio kabisa, aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16, akafanya kazi kiwandani huku anacheza timu za chini huko, Leicester wakamnunua 2012 akiwa na miaka 25. Miaka minne baadae ana medali ya ubingwa wa ligi ya Uingereza, na 2020 akachukua kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora na mabao 23 akiwa na miaka 33.

Umeomba ukweli, haya. Hizi stori zinasimuliwa kwasababu ni chache. Na wengi wao walikuwa wanafunga pale walipokuwa, Vardy alikuwa anazifumania nyavu za timu ndogo mpaka kila aliyekuja kuangalia anaondoka na jina lake. Kama ligi ya chini unafunga mabao matatu kwa msimu, tatizo sio kwamba skauti hawaji. Kama unafunga, basi hama panda ngazi moja, usisubiri kuruka tatu. Na soma kitu pembeni au jifunze kazi, hakuna aliyewahi kukosa bao kwasababu ana cheti.

Mimi ni straika ila kocha mpya ananipanga winga ya kushoto. Naona ananiua.

Labda anakuokoa. Umeshamsoma Henry hapo juu, yeye alitoka pembeni akaja kati, na kile alichojifunza pembeni, kuanzia kushoto anaingia ndani anafungua mguu wa kulia kona ya mbali, ndio bao lake la maisha yote. Cheza huko mwaka, jifunze kupokea mpira ukiwa unaangalia mbele. Ila ongea na kocha akuambie anataka nini, wengine wanapeleka mtu pembeni kwa kumkwepa tu kumwambia hapangwi.

Salaam. Klabu yetu haijalipa mishahara miezi mitatu. Rais wa klabu anasema atakayeondoka anafungiwa. Mkataba wangu umebaki mwaka na nusu. Nina mke na watoto wawili, naweza kuondoka?

Kaka pole sana, na hili nataka uliweke vizuri kwasababu wachezaji wengi wana haki ila wanaidai vibaya wanageuka wao kuwa wakosaji.

Kanuni za FIFA zinasema klabu isipolipa angalau mishahara ya miezi miwili, mchezaji ana sababu halali ya kuvunja mkataba. LAKINI lazima kwanza uiandikie klabu, kwa maandishi, useme unadai kiasi gani, cha miezi ipi, na uwape siku zisizopungua 15 walipe. Zikipita hawajalipa ndio unavunja, tena kwa maandishi. Ukiacha kwenda mazoezini tu ukanuna nyumbani umewapa kesi wao. Endelea kwenda, saini daftari kama lipo, piga picha, tunza kila meseji, barua itume kwa njia ambayo utathibitisha imefika. Kuzungumza koridoni na meneja hakuhesabiki.

Kuhusu wapi pa kulalamika inategemea. Kama wewe ni raia wa nchi moja na klabu iko nchi nyingine, FIFA wenyewe wanaisikiliza, na ukikataa uamuzi kuna mahakama ya michezo ya CAS kule Lausanne. Kama wote mko nchi moja, kesi inaanzia kwenye chombo cha shirikisho lenu na ukague mkataba wako na kanuni za ligi zinasemaje. Usikae sana, FIFA hawasikilizi kesi iliyopita miaka miwili tangu jambo litokee. Chama cha wachezaji kama kipo nchini kwako nenda leo, hata kama hujawahi kulipa michango watakupa mwongozo.

Na rais wa klabu hana uwezo wa kumfungia mtu, hayo ni maneno ya kutisha watoto.

Nyongeza kwa wengine wote mnaosoma: ukisaini mkataba, klabu haiwezi kuuweka eti utakuwa halali ukifaulu vipimo vya afya, vipimo vinafanywa KABLA. Na ikibaki miezi sita mkataba wako uishe uko huru kuongea na klabu nyingine na hata kusaini nayo makubaliano. Watu wanasaini nyongeza ya mkataba ikiwa imebaki miezi saba uishe kwasababu wameambiwa "hii ni kawaida", kawaida kwa nani.

Niko na miaka 31, nilikuwa naishi kwa kasi. Sasa mabeki wananifikia, na msuli wa nyuma ya paja unanisumbua kila baada ya wiki chache. Nistaafu?

Msuli wa nyuma ya paja ndio unaoongoza kwa majeraha ya misuli kwenye mpira wa kulipwa, na aliyeumia hapo mara moja ana uwezekano mkubwa wa kuumia tena, hasa akirudi haraka. Michael Owen aliuchana akiwa na miaka 19, Aprili 1999, miaka miwili baadae akawa mchezaji bora wa Ulaya na bado ile kasi yake haikuwa tena ile aliyowapita nayo Argentina kwenye Kombe la Dunia 1998. Kwahiyo acha kurudi wiki ya pili kwasababu "nasikia poa". Tafuta daktari wa michezo au fizio anayeeleweka akupime nguvu ya mguu huo dhidi ya mwingine, na ufanye lile zoezi la kupiga magoti mwenzio kakushika visigino unajishusha mbele taratibu, limefanyiwa utafiti sana na linapunguza majeraha haya kweli. Linauma, linachosha, wachezaji wanalikwepa.

Kuhusu kasi, imeondoka, tusidanganyane. Wanaodumu ni waliobadilisha kazi kabla kazi haijawabadilisha. Luca Toni alikuwa mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, msimu wa 2014/15, mabao 22 akigawana na Mauro Icardi, akiwa na miaka 38, na hakuwahi kuwa na kasi hata akiwa kijana, alikuwa anajua kuweka mwili kati ya mpira na beki. Ibrahimović alirudi Milan na miaka 38 akachukua ubingwa wa Italia na 40. Benzema Ballon d'Or aliichukua 2022, miaka 34, baada ya kujifunza kwa miaka mingi kufungua nafasi kwa wengine. Wewe uliyezoea kupigiwa mpira mrefu ukimbie, anza sasa kuomba mpira mguuni, mgongo kwa goli, gusa mara moja toa, ingia boksi. Mbio mbili ndefu kwa kipindi badala ya kumi, ila hizo mbili ziwe za kuua. Mwambie kocha wako hivyohivyo, wengi wanapenda mzee anayejua anachotaka.

Tofautisha tu msuli na goti. Ronaldo yule Mbrazili goti lilimpasuka mara ya pili Aprili 2000 dakika chache tu baada ya kuingia, na 2002 akafunga mabao 8 Kombe la Dunia. Watu wanaikumbuka 2002, mimi nakumbuka karibu miaka miwili katikati ambayo hakuna aliyepiga picha. Goti likikatika ligamenti hesabu miezi tisa hivi, na anayekuahidi mitano usimlipe.

Dada yangu anacheza straika timu ya wanawake, amepata ujauzito, klabu inataka kuvunja mkataba. Wanaruhusiwa?

Hawaruhusiwi. Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 kwa malipo yasiyo chini ya theluthi mbili ya mshahara, na kumfukuza kwasababu ya ujauzito ni kuvunja mkataba bila sababu halali, klabu inalipa fidia na inaweza kuadhibiwa kimichezo pia. Yale ya maandishi niliyomwambia kaka wa mishahara yanamhusu na yeye. Aanze leo.

La haraka: ofsaidi kwenye mpira wa kurusha ipo? Tumebishana mpaka tumekosana.

Haipo. Mpira wa kurusha, kona, na goli kiki, ukipokea moja kwa moja kutoka hapo hakuna kuotea, hata uwe umekaa na kipa. Na pale kuotea kunapopimwa mkono hauhesabiki, bega mpaka usawa wa chini ya kwapa ndio linahesabika. Mastraika ambao hawajui hili wanarudi nyuma kila ikirushwa, wakati beki hana cha kukuotesha, simama nyuma yake umwambie mwenzako arushe ndefu.